Ndoano Kwenye Kipete cha Tatu

Mjane alikuwa kwenye benchi la kituo tangu zamu ya usiku haijatoka. Kila askari aliyepita alimpa pole bila kusimama, naye aliitikia bila kuinua uso. Ukimuuliza anamngoja nani, alikwambia anamngoja mdogo wake. Na huyo mdogo wake alikuwa hapohapo, mahabusu, nyuma ya ukuta ambao mama alikuwa ameuegemea, akituhumiwa kumuua mume wa mama huyuhuyu. Mambo mengine ukiyasimulia watu husema unatia chumvi. Haya, ndiyo hayo: mume mochwari, mdogo mtu rumande, na mwanamke mmoja katikati asiyejua amlilie yupi.

Inspekta aliingia akipangusa manyunyu usoni. Kituo kizima walimwita Sindano, na si kwa wembamba, maana mwili alijaliwa wa kutosha. Walimwita hivyo kwa maswali yake.

"Afande," mjane akasimama. "Ni kweli wanampeleka leo?"

"Leo, mama. Saa nane mchana awe mbele ya hakimu."

"Kwa kuua?"

"Kwa kuua."

Mjane akakaa tena. "Mimi ndiye niliyewapa yale maneno," akasema. "Kwa mdomo wangu huu."

"Uliulizwa, ukajibu."

"Ndiyo, niliulizwa." Akacheka kicheko kibaya, cha puani. "Bora ningekuwa bubu siku ile."

Yale maneno yalikuja hivi. Mumewe, Daktari wa meno aliyestaafu, alikuwa na ugonjwa wa samaki aitwaye trauti. Si wa kumla, wa kumvua. Walikuwa na chama chao, wazee wenye pensheni, na mchezo wao ni huu: wanasimama ndani ya mto unaotoka mlimani, maji baridi ya kukata mifupa, wanamrushia samaki nzi wa bandia aliyefungwa kwa manyoya ya kuku na uzi. Samaki akidanganyika wanamvuta polepole, wanamtazama, wanamsifu, kisha wanamrudisha majini akaendelee na shughuli zake. Hawamli. Ukiwauliza kwa nini, wanakutazama kana kwamba umemtukana mama wa mtu. Mdogo wa mjane, ambaye watu walimwita Kenge kwa jinsi alivyoshinda kingoni mwa maji, ndiye aliyekuwa mlinzi wa mto huo. Miezi ya baridi trauti hutaga, na Bwawa la Juu hufungwa, haruhusiwi mtu yeyote. Siku moja Kenge akamkuta shemeji yake humohumo, maji ya kifuani, anavua. Akamnyang'anya fimbo mbele za watu. Jioni, mezani kwa dada yake, wakarushiana maneno. Daktari akaapa kumfukuzisha kazi, na Kenge akasema, "Rudi tena pale, nitakuzamisha kwa mikono yangu."

Daktari akarudi. Wachimba mchanga walimkuta huko chini, amenasa kwenye mizizi, paji la uso limepasuka, na ile suruali yake ya mpira inayofika kifuani imejaa maji hadi juu.

Na fimbo yake ya kuvulia? Hapo ndipo Sindano alipojipatia sifa. Fimbo ilikuwa kwenye ukingo wa Bwawa la Juu, imeegemezwa kichakani, mshipi, ule uzi wa kuvulia, umekazwa, ndoano imetundikwa. "Mtu akiteleza wakati anavua," alimwambia mkuu wa kituo, "anaanguka na fimbo yake. Huyu alishamaliza kuvua. Amefunga vitu vyake, ameegemeza fimbo, ndipo akaingia majini. Na kwa baridi ile hakuna anayeingia kuoga. Kasukumwa." Mkuu wa kituo akampigia makofi. Nyayo za buti za Kenge zilijaa pale ukingoni. Alipoulizwa kama alifika bwawani asubuhi ile akakana, akabanwa, kisha akakubali kwamba alipita kwenye doria ya alfajiri na aliogopa kusema. Basi, kila mtu akaona kazi imekwisha.

Tatizo lilikuwa kidole.

"Nimetoka mochwari," Sindano alimwambia Koplo, msaidizi wake, walipojifungia kwenye chumba cha vielelezo. "Kidole cha shahada cha Daktari kimekatwa. Si na jiwe. Ni mstari mwembamba, umezama kwenye nyama. Wanasema alikatwa muda mfupi tu kabla ya kufa."

"Mshipi, afande?"

"Mshipi. Samaki mkubwa akikimbia nao, unapita kidoleni kama wembe."

Koplo alikuwa kijana wa kupenda mambo yaishe. "Sawa. Kapata samaki mkubwa, kamrudisha, kafunga fimbo yake, ndipo Kenge akamtokea. Hesabu ni ileile."

"Wavu wake wa mkono tuliukuta wapi?"

"Mgongoni kwake. Umefungwa."

"Umefungwa kwa kifundo, na kifundo hakijaguswa. Samaki wa kukata mtu kidole unamtoa majini kwa viganja?"

Koplo akakuna kichwa. Sindano akavaa glavu, akaitwaa fimbo mezani. Ilikuwa nyepesi mno, ya kushikwa na vidole viwili, na kutoka kwenye mpini hadi nchani ilipangwa vipete, yaani pete ndogondogo za waya ambazo mshipi hupita ndani yake. Juu kabisa ya mpini kulikuwa na kipete kidogo zaidi, kimelala, kisichopitisha mshipi.

"Hiki cha chini ni cha nini?"

"Cha kutundikia ndoano ukimaliza. Ili isikudunge njiani."

"Na ndoano tuliikuta hapo?"

Koplo akainama. Ndoano haikuwa hapo. Ilikuwa juu, kwenye kipete cha tatu, na mshipi ulikuwa umezungushwa kwanza chini ya gurudumu la kuukunjia, ndipo ukapanda.

"Nani hufunga hivi?" Sindano akauliza.

"Wavuvi, afande."

"Wote?"

"Nadhani wote."

"Unadhani." Akairudisha fimbo mezani. "Mimi nilipigiwa makofi nikaacha kuuliza. Wewe ulisikia makofi ukaacha kutazama. Mchukue yule mama hapo nje, tunampeleka kwake."

Nyumba ya Daktari ilikuwa na chumba kizima cha samaki ambao hawakuwahi kuliwa. Picha ukutani, masanduku ya nzi wa manyoya yamepangwa kwa rangi, kiti kimoja tu, maana hakikuwa chumba cha wageni. Fimbo nne zilitundikwa juu ya dirisha. Sindano hakuzigusa. Alisimama chini yake, akazitazama moja baada ya nyingine. Ndoano zote nne zilikuwa kwenye kile kipete kidogo cha kwenye mpini.

"Mama, hizi kazitundika nani?"

"Mwenyewe. Hakuna aliyeruhusiwa kuzigusa. Hata mimi nilizifuta vumbi yeye akinisimamia."

"Ndoano aliiweka hapo sikuzote?"

"Hapohapo. Alisema wanaozipandisha juu wanazichubua pete." Akavuta pumzi. "Mtu hajui siku ya ndoa yake ilikuwa lini, lakini ndoano inakaa wapi anajua."

Koplo akamtolea macho Sindano. Sindano akajifanya hakumwona.

"Na hawa nzi? Alifunga mwenyewe?"

"Yeye? Wapi! Daktari hakuwahi kufunga hata mmoja. Hao kawafunga shemeji yangu."

Shemeji huyo, mdogo wa Daktari, alikuwa fundi saa, na watu hawakumwita kwa jina lingine. Duka lake lilikuwa kijichumba chenye dirisha moja, na vidole vilivyozoea skrubu ndogo kama mbegu za ufuta ndivyo vilivyomfungia kaka mtu nzi tangu ujana wao.

"Mdogo anafunga, mkubwa anavua," mjane alisema. "Ndivyo walivyolelewa. Suti mpya ya Daktari, suti kuukuu ya Fundi. Daktari kasomeshwa, Fundi kaambiwa asubiri. Anasubiri mpaka leo. Na bado kila Jumamosi wako wote mtoni, wanamfuatilia Bibi Harusi."

"Bibi Harusi ni nani?"

"Samaki, afande. Trauti jike, mkubwa, yuko Bwawa la Juu. Kila mtu chamani anamtaka na hakuna aliyewahi kumshika. Mimi nilimwita mke mwenzangu." Hakucheka. "Mke mwenza mwingine walau angenisaidia kuosha vyombo."

"Siku ile shemeji yako alikuwa wapi?"

"Alisema alivua kule chini, darajani. Hakumwona kaka yake tangu waachane njiani."

"Na leo?"

"Kaaga anakwenda kufungua duka. Nyumbani hapakaliki, anasema."

Walipopita dukani walikuta kufuli.

"Kalala," Koplo akasema.

"Hajalala," Sindano akasema. "Geuza gari. Mlinzi wa mto tumemfungia sisi wenyewe."

Njia ya Bwawa la Juu iliteleza vibaya. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye vichwa vya miti, na manyunyu yale ya asubuhi hayakuwa yameamua kama ni mvua au si mvua. Sindano alishuka akishikilia majani, akilaani kimoyomoyo kila mtu aliyebuni mchezo wa kusimama majini wakati Mungu ameumba viti. Walipofika penye kichaka, akamshika Koplo mkono.

Fundi Saa alikuwa majini, maji ya mapaja. Mwanamume mdogo wa umbo, kofia imemfunika masikio. Mkono wake ulikwenda nyuma, ukasimama, ukaja mbele, na mshipi ukakunjuka juu ya maji taratibu, ukalala bila kurusha tone. Hata Sindano, asiyejua kitu, aliona kwamba mtu huyu anajua. Alirusha tena. Mshipi ukasimama, ncha ya fimbo ikainama, akaanza kuvuta. Alipomfikisha samaki karibu, alilowesha mikono kwanza. Kisha akauchukua wavu, akamkinga, akaichomoa ndoano kwa vidole viwili, akamshikilia samaki yule mdogo majini, kichwa kikitazama mkondo. Alisubiri mpaka samaki akapata nguvu na kujiondokea mwenyewe. Ilikuwa kazi ya upole kabisa, ya mtu anayemlaza mtoto.

Akatoka majini akipuliza vidole. Akakaza mshipi, akauzungusha chini ya gurudumu, akaupandisha, akaitundika ndoano. Akaegemeza fimbo kichakani, nusu hatua kutoka alipojibanza Koplo.

"Kipete cha tatu," Koplo akanong'ona.

Fundi Saa aliruka. "Ala! Afande! Mmenishtua."

"Pole na msiba, Fundi," Sindano akasema, akitoka nyuma ya kichaka kwa utulivu wa mtu aliyekuja kununua mboga. "Tulipita dukani."

"Nilikuwa nifungue. Kichwa kikakataa."

"Bwawa hili si limefungwa?"

"Limefungwa." Akatazama maji. "Lakini kuna wa kunikamata?"

"Nipo mimi. Tuache hilo. Nataka nifunge jalada la kaka yako kabla ya mahakama. Wewe ulikuwa darajani siku ile."

"Darajani."

"Hukufika huku."

"Sikufika. Nilishakwambia, na niliweka sahihi."

"Ndiyo, umeweka. Basi nitakachokueleza kitakuwa kigeni kwako." Sindano akatafuta jiwe, akakaa. "Kenge kazungumza."

Uso wa Fundi Saa haukubadilika. "Kakiri?"

"Kakiri nusu. Anasema alimkuta Daktari akivua, na aliona samaki. Anasema marehemu, maskini, alikufa akihangaika na kasamaki kadogo. Ka kiganja hivi." Sindano akaonyesha kiganja chake.

"Kenge hajui samaki."

"Labda. Lakini ndivyo itakavyosomwa mahakamani. Chama chenu chote kitakuwepo. Mzee mzima kafia kwenye kidagaa."

"Nimekwambia Kenge hajui samaki. Hakuwepo."

"Alikuwepo, nyayo zake hizi hapa. Alikaona kakiruka. Anasema hata paka asingeshiba."

"Paka!" Fundi Saa alicheka, na kicheko kilimtoka na hasira. "Bibi Harusi huyo anamwita wa paka? Mkono wangu huu wote, afande, kutoka kwenye kiwiko, na bado mkia ulizidi. Nzi wa zamani yuko mdomoni mwake, kashashika kutu, kama hereni. Kenge angemwona asingelala siku tatu!"

Mto uliendelea na kelele zake. Fundi Saa alisikia alichosema baada ya wote wawili kukisikia, na akabaki mdomo wazi, mkono wake bado umenyooshwa kuonyesha urefu.

"Hereni ya kutu," Sindano akasema. "Hiyo ni ya kuonwa karibu sana. Ni lazima uwe umemshika."

"Daktari alinisimulia."

"Lini? Mliachana njiani, ukamwona tena mochwari."

Fundi Saa akaushusha mkono.

"Kidole cha kaka yako kimekatwa na mshipi, Fundi. Wavu wake haukufunguliwa. Ndoano yake iko kwenye kipete cha tatu, na yeye hakuwahi kuipandisha huko tangu azaliwe, maana inachubua pete. Aliyemtoa samaki yule majini ni mwingine, na aliyefunga fimbo ni mwingine. Kenge hajui kufunga hata kamba ya kiatu. Saa nane anapelekwa kushtakiwa. Wewe unajua kosa hilo lina adhabu gani."

Fundi Saa akakaa chini kwenye matope, na suruali yake ya mpira ikatoa sauti ya kipuuzi ambayo mahali pengine ingewachekesha.

"Sikumsukuma," akasema.

"Sijasema ulimsukuma."

"Tulikuja wote. Alijua Kenge anapita alfajiri, basi tukamsubiri apite. Nzi nilimfunga mimi usiku, mzito, wa kuzama, maana kwenye baridi hii Bibi Harusi hapandi juu kula. Mwezi mzima nilikuwa namfikiria nzi huyo. Nikamwambia kaka, nipe leo nirushe mimi wa kwanza. Mara moja tu. Akasema, 'Wewe shika wavu.' Kama kawaida."

"Ukashika wavu."

"Nikashika. Akarusha, na Bibi Harusi akala. Nzi wangu! Mshipi ukapiga kelele. Kaka akamfuata mpaka pale kwenye jiwe jeusi, penye utelezi, na mkanda hakufunga. Ile suruali bila mkanda kiunoni ukianguka inajaa. Nilikuwa nimemwambia. Alisema mkanda ni wa waoga." Akalitazama lile jiwe. "Akateleza, akajipiga usoni. Lakini alisimama, afande. Nakuapia, alisimama, maji kifuani, damu inamtoka, na fimbo kaishika juu. Akaninyooshea ile fimbo nimvute."

"Ukaivuta?"

"Niliishika kwa mikono miwili. Naye akaachia." Fundi Saa alitazama viganja vyake. "Labda alichoka. Labda alidhani nikishaiweka ile fimbo nitarudi kumpa mkono. Hata mimi nilidhani hivyo. Lakini nikamsikia yuko hai upande wa pili."

"Kaka yako?"

"Samaki."

Koplo akatukana kwa sauti ndogo. Sindano hakumkemea.

"Akakimbia," Fundi Saa akaendelea, na jambo baya kuliko yote ni kwamba macho yalianza kumng'aa. "Akakimbia kuelekea juu, nikageuka naye. Ukimlegezea mara moja amekwenda. Miaka yote, afande, sijawahi kushika fimbo yeye akiwa upande wa pili. Nilimsikia kaka akiita. Nikasema, 'Ngoja kidogo.' Nilimwambia kabisa, 'Ngoja kidogo, kaka.'"

"Ukamtoa."

"Nikamtoa. Nilipogeuka kaka hayupo."

"Na samaki?"

"Nilimrudisha."

"Namna ulivyomrudisha huyu wa sasa hivi? Ukalowesha mikono, ukamshikilia kwenye mkondo?"

"Alikuwa kachoka sana. Ukimwachia hivihivi anapinduka, anakufa. Ilibidi nimshikilie mpaka..." Pengine ndiyo mara ya kwanza alijisikia mwenyewe.

"Mpaka akapata nguvu," Sindano akammalizia. "Na kaka yako anateremka na mto. Ukafunga fimbo yake vizuri, ukaiegemeza, ukaenda nyumbani. Ukakaa na shemeji yako matangani. Ukamsikia analia kwamba mdogo wake kamuua mumewe, ukampa kitambaa cha kujifutia."

"Ningesema nini? Nani angeelewa?"

"Mimi sielewi. Simama."

Alisimama kwa shida. Koplo akamfunga pingu, akazikaza zaidi ya ilivyohitajika.

"Nitashtakiwa kwa kosa gani?" Fundi Saa akauliza. "Sikumgusa."

Hilo lilikuwa swali, na Sindano, mwenye maswali yake maarufu, akaanza kuhesabu makosa kichwani. Kutoa maelezo ya uongo, hilo lipo. Kumwacha mtu asiye na hatia akamatwe, lipo. La kumwambia kaka yako angoje kidogo, alijua mwendesha mashtaka atalipindua huku na huku, kisha atamtazama kwa huruma na kusema tufanye hayo mawili ya kwanza. Wakili yeyote wa maana angemtoa mtu huyu baada ya muda mfupi, arudi dukani kwake kurekebisha saa za watu.

"Tembea," akasema.

Walifika kituoni saa nane inakaribia, gari la kupeleka mahabusu likiwa tayari linanguruma uani. Sindano alimpigia simu mwendesha mashtaka akiwa amesimama, akaeleza, akaulizwa mara mbili kama ana uhakika, akasema ana maelezo na ana shahidi, na kwamba aliyekosea ni yeye na si mtu mwingine. Kisha akatia saini mahali pa kutia saini. Fundi Saa aliingizwa kwa mlango wa nyuma. Mjane, aliyekuwa amesharudi kituoni, aliambiwa barazani, kwa maneno machache, kwamba mdogo wake hana kosa na anatoka sasa hivi. Alijifunika uso, akalia kwa sauti, akimshukuru Mungu na Sindano na hata Koplo, na jina la shemeji yake hakuliuliza bado. Litamfikia. Leo acha apate hili moja.

Mlango wa mahabusu Sindano aliufungua kwa mkono wake. Kenge alikuwa amejikunyata pembeni, mrefu, macho mekundu kwa kutolala.

"Uko huru," akamwambia. "Si wewe. Tumempata aliyekuwepo. Nakuomba radhi, na ninaomba kwa dhati."

Kenge hakuinuka. "Ni yule Fundi?"

"Ulijua?"

"Nilikuwa na muda wa kufikiri." Akajifuta uso kwa kiganja. "Afande, yale maneno ya mezani mliyonisomea. Ni kweli niliyasema. Na aliyewaambia simlaumu, aliulizwa."

"Basi njoo. Dada yako yuko nje. Anakungoja tangu asubuhi."

"Nilitaka kukuuliza kitu. Siku ile mlipomhoji, baada ya kuwaambia hayo maneno, mlimuuliza kama mimi naweza kuua mtu?"

Sindano alikuwa na kipaji cha kuuliza. Cha kudanganya hakuwa nacho, au labda kwa siku ile alikuwa amekitumia chote kule mtoni. "Nilimuuliza."

"Alijibuje?"

"Alikuwa amechanganyikiwa. Mumewe ametolewa majini siku hiyohiyo."

"Afande. Yule kanilea. Mama yetu alipokufa mimi nilikuwa natambaa. Kanibeba mgongoni akienda shule, wenzake wakimcheka. Hakuna mtu mwingine duniani anayenijua. Alijibuje?"

Nje kulisikika mjane akiwaambia askari wa zamu, kwa furaha ya kusikitisha, kwamba atampikia leo, atampikia mpaka achoke.

"Alisema hajui," Sindano akajibu.

Kenge akatikisa kichwa kukubali, mara kadhaa, kama mtu aliyetajiwa bei aliyokuwa anaihofia. Kisha akarudisha mgongo ukutani.

"Mwambie mama yule aende nyumbani," akasema. "Akishaondoka nitatoka."

Sindano alisubiri kidogo aone kama atabadili neno. Hakubadili. Akatoka barazani. Mjane alikuwa amesimama kuuelekea mlango, amejifunga kitambaa chake upya kichwani, ametabasamu kwa mara ya kwanza tangu Sindano amjue.

"Anakuja?" akauliza.